Homa Ikirudi Tena, Omba Macho Mengine



Leo ukurasa wetu wa afya hauongei juu ya kofia ya kazi, wala juu ya mawe yanayoanguka katika shimo. Tunaongea juu ya neno moja dogo ambalo kila mmoja wenu amelisikia mbele ya dirisha la dispanseri: «Ni malaria tu.»

Mara nyingi neno hili ni la kweli. Huku kwetu, toka Kasongo mpaka Kabambare, malaria iko mwaka mzima. Mtu mwenye homa anapewa vidonge vya siku 3, anapona, anarudi kazini. Lakini kuna siku neno hili si la kweli, na mgonjwa analipokea kwa heshima, anarudi nyumbani, anaendelea kuugua miezi na miezi. Kwa nini? Kwa sababu anaona haya kurudi kusema: «Dokta, nafikiri si hivyo.»

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana haifai niwafundishe ninyi kabla ya kujisema mimi.

Miaka michache iliyopita mchimbaji mmoja, baba wa watoto 4, alikuja kwangu na homa na maumivu ya kichwa. Nilichukua tone la damu ya kidole. Kipimo kilionyesha malaria. Nilimpa dawa. Baada ya wiki 3 alirudi na homa ileile. Kipimo kilionyesha malaria tena, nikampa dawa tena. Mara ya tatu sikumpima hata kidogo. Nilimwambia: «Baba, wewe hulali chini ya chandarua.» Mara ya nne alisema ya kwamba usiku hapati usingizi, lakini mchana anasinzia pale pale kazini, na kapita wake amekwisha kumwandikia barua mbili. Nilimshauri aache pombe. Mtu yule hakuwa mlevi. Sikumwuliza, nilijisemea tu.

Kisha bibi yake alikuja peke yake, mtoto mgongoni. Akasema: «Dokta, mume wangu amebadilika. Alikuwa mtu mpole. Sasa anapiga watoto kwa jambo la bure, kisha anakaa analia. Akishika kikombe, mkono unatetemeka. Hii si malaria. Kama hapa mmeshindwa, niandikie karatasi, nimpeleke pengine.»

Nitasema kweli: nilikasirika. Mama ambaye hakusoma kazi ya uganga ananifundisha kazi yangu! Lakini niliandika karatasi. Walikwenda Kasongo, kwenye hospitali. Mtu aliyewapokea hakuwa na mashini kubwa ya kwanza. Alisimama nyuma ya mgonjwa, akaweka vidole nyuma ya shingo yake, pande zote mbili, akapapasa. Akakuta tezi zimevimba, laini kama maharagwe yaliyoiva. Akauliza: «Unaoga wapi? Unavua samaki? Mbungo wanakuuma?» Halafu ndipo vipimo vilipofuata: damu, kisha maji ya tezi, kisha maji ya mgongo. Ilikuwa malale, ndio ugonjwa wa usingizi, na ulikuwa umekwisha kufika katika ubongo.

Vidole vyangu havikugusa shingo ya mtu yule hata mara moja. Ingekuwa kazi ya nusu dakika.

Hapa nifungue mabano kidogo. Ninyi mnaniita dokta, na mimi ninaitika, lakini mimi si dokta. Ni msaidizi. Nilisoma shule ya ufundi wa uganga, najua mengi ya kila siku, na mengi mengine sijui. Ni vizuri mgonjwa ajue nani amemwangalia. Mtu aliyekuambia «ni malaria tu» anaweza kuwa mwuguzi, anaweza kuwa mtu wa laboratwari, anaweza kuwa muuza dawa wa soko ambaye hakusoma kitu. Kuomba dokta akuangalie baada ya hapo si matusi. Mara nyingi hata si macho ya pili. Ni macho ya kwanza ya dokta.

KWA NINI TUNAKOSEA

Kosa la kwanza linatoka katika kipimo chenyewe. Katika nchi kama yetu, pahali mbu wanauma kila usiku, watu wengi wazima wanatembea na wadudu wa malaria katika damu bila kuugua. Mwili umewazoea. Basi mtu kama huyo akipata ugonjwa mwingine, akipimwa malaria, kipimo kinajibu «ndiyo». Hakikudanganya: wadudu wako. Lakini si wao wanaomwangusha. Kipimo kinajibu ulichokiuliza tu. Mimi niliuliza mara mbili swali lilelile, nikapata mara mbili jibu lilelile, nikafikiri nimehakikisha.

La pili, homa ya malale inakuja na kwenda. Mgonjwa anameza dawa ya malaria leo, kesho kutwa homa inashuka. Ingeshuka hata bila dawa. Yeye anafurahi, mimi ninafurahi, na ugonjwa unaendelea na safari yake polepole. Malale ya upande wetu si ugonjwa wa haraka. Inaweza kukaa katika mwili miezi mingi, hata miaka, kabla ya kumlaza mtu.

La tatu ni jambo la ajabu: tunakosea kwa sababu kazi nzuri imefanyika. Mwaka 1998 nchi yetu peke yake ilihesabu wagonjwa wa malale zaidi ya 26,000. Ekipi za kutembea zilipita vijijini, zikapima watu kwa maelfu, zikatibu. Toka mwaka 2018 Afrika nzima inahesabu chini ya wagonjwa 1,000 kwa mwaka, na wengi wao ni wa Kongo yetu. Ni habari njema. Lakini matokeo yake ni haya: mwuguzi kijana anaweza kufanya kazi miaka 10 bila kuona mgonjwa hata mmoja wa malale. Ugonjwa ambao hujawahi kuuona, ni vigumu kuufikiria. Wazee wa vijiji vya mtoni wanaukumbuka kuliko sisi wenye blusi nyeupe. Msidharau mzee akisema: «Zamani tuliwaona watu wa namna hii.»

DALILI ZENYEWE

Malale inaletwa na mbungo. Mbungo si mbu. Ni nzi mkubwa kidogo, anauma mchana, na kuuma kwake kunachoma. Anapenda kivuli cha miti karibu na maji: kando ya Lualaba, kando ya Luama, na kwenye vijito vyote vinavyoingia humo. Angalieni basi nani anakaa pahali pale: mama anayefua nguo, mtoto anayechota maji, mvuvi, mtu wa mtumbwi, na wenzetu wanaoosha mchanga wa zahabu kutoka asubuhi mpaka jioni, miguu ndani ya maji. Zahabu na mbungo wanapenda vijito vilevile.

Mwanzoni mtu anapata homa inayokwenda na kurudi, kichwa kinauma, viungo vinauma, ngozi inawasha bila upele wa maana. Anachoka. Uso unaweza kuvimba kidogo. Tezi za nyuma ya shingo zinavimba, lakini haziumi, ndiyo sababu mgonjwa hazijui. Katika wamama, siku za mwezi zinaweza kukatika, ao mimba kuharibika; katika wababa nguvu za nyumbani zinapungua, na jambo hili baba hatalisema kamwe mbele ya dirisha la dispanseri pahali watu 20 wanasikiliza. Sisi tunapaswa kuuliza kwa siri.

Baadaye wadudu wanaingia katika ubongo. Hapo usingizi unageuka: macho makavu usiku, kusinzia mchana, hata chakula kikiwa mkononi. Mtu anabadilika tabia. Mpole anakuwa mkali, mwenye bidii anakuwa mvivu, mwenye akili anaanza kusema maneno yasiyofuatana. Anatembea kama mlevi. Anatetemeka. Bila dawa, mwisho wake ni kulala kusikoamka, na kifo.

Sasa fikirini. Ni nani anayeona mambo haya kwanza? Si mimi. Mimi ninamwona mgonjwa dakika 5. Ni bibi yake, mume wake, mama yake, na rafiki anayechimba naye. Basi mtu wa nyumbani akisema «huyu si yule tuliyemjua», hayo ni maneno ya uganga kamili. Yaandikwe katika fishi.

Kapita na wakubwa wa ekipi, na ninyi pia nisikilizeni. Mfanya kazi mzuri wa miaka 8 ambaye anaanza ghafula kusinzia kazini, msimwandikie barua tu. Mtu anayesinzia karibu na mashini ni hatari kwake na kwa wenzake. Mwondoeni kwanza pale, kisha mtumeni kwetu. Na akirudi na karatasi iliyoandikwa «malaria», na baada ya mwezi bado anasinzia, mtumeni tena.

DOKTA ALIYEULIZA DOKTA MWINGINE

Labda mnafikiri ya kwamba kumwuliza mganga wa pili ni kumvunjia wa kwanza heshima. Nitawasimulia namna ugonjwa huu ulivyojulikana, maana hadithi yenyewe inakwisha hapa hapa Kasongo.

Mwezi wa tano mwaka 1901, katika nchi ya Gambia, nahodha mmoja wa meli ya mtoni, Mwingereza, aliingia hospitalini na homa. Dokta wake aliitwa Forde. Dokta Forde alifikiri kama sisi sote: malaria. Alitoa kinini. Homa ikashuka, ikarudi. Akatazama damu kwa darubini ya laboratwari. Hakuona wadudu wa malaria. Aliona vitu vidogo kama funza, vinajipinda-pinda kati ya chembe za damu. Hakuvijua. Alikuwa na njia mbili: kusema «ni malaria tu», ama kusema «sijui». Alichagua ya pili. Mwisho wa mwaka ule dokta mwingine, kijana, Joseph Everett Dutton wa shule ya magonjwa ya nchi za joto ya Liverpool, alikuwa amefika Gambia. Forde alimwonyesha mgonjwa na damu yake. Dutton akatambua: ni wadudu wa jamii ya tripanosoma, waliokuwa wanajulikana kwa wanyama. Mwaka 1902 aliwapa jina la Gambia, na jina lile liko mpaka leo. Nahodha mwenyewe hakupona, maana wakati ule dawa haikuwako. Lakini tangu siku ile watu walijua wanachokitafuta.

Dutton alikuja Kongo mwaka 1903 pamoja na dokta Todd, wa Kanada, kuuchunguza ugonjwa wa usingizi. Walipanda mto toka chini mpaka huku kwetu. Ni wao waliosisitiza sana habari ya kupapasa tezi za shingo na kutazama maji yake kwa darubini. Alama yenyewe ilikuwa imeandikwa zamani: mwaka 1803 dokta Winterbottom, aliyefanya kazi Sierra Leone, aliandika ya kwamba wachuuzi wa watumwa waliwakataa watu wenye tezi za shingo zilizovimba. Wale wabaya walijua kupapasa shingo miaka 200 kabla yangu. Ninapokumbuka jambo hili ninaona haya.

Katika safari ileile Dutton na Todd walikuta ugonjwa mwingine unaojificha nyuma ya jina la malaria: homa ya papasi, ambao wengine wanawaita kimputu, wadudu wanaokaa katika nyufa za sakafu ya udongo na kuuma usiku. Homa yake inapanda siku chache, inakwisha kabisa, kisha inarudi. Wote wawili waliambukizwa. Todd alipona. Dutton alikufa hapa Kasongo tarehe 27 mwezi wa pili 1905. Alikuwa kijana, umri kama wangu. Mdudu wa homa ile anaitwa kwa jina lake.

Basi tunajifunza hili: homa inayorudi-rudi huku kwetu inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa malale, inaweza kuwa homa ya papasi, inaweza kuwa homa ya matumbo ao kifua kikuu. Mtu mmoja, kwa kipimo kimoja, hawezi kuzitenga zote.

NAMNA YA KUOMBA

Sasa, wewe unafanya nini?

Kwanza, ipe dawa nafasi yake. Kumeza vidonge siku moja na kukimbilia kwa mganga mwingine, si kuomba macho ya pili; ni kuharibu. Dawa ya malaria ni siku 3, imalize yote. Kama baada ya siku 3 homa bado iko, rudi. Kama homa imekwisha, kisha imerudi ndani ya wiki chache, rudi. Kama imerudi mara ya tatu, usiondoke na vidonge tu. Hapo omba kipimo kingine ao mtu mwingine.

Rudi kwanza kwa yule yule aliyekutibu. Wengi wanaruka hatua hii kwa hasira, na ni hasara, kwa sababu ni yeye mwenye kuiona tofauti kati ya jana na leo. Mwambie kwa upole, lakini kwa maneno kamili: «Dokta, nashukuru kwa dawa. Nimeimaliza yote, karatasi yake ni hii. Homa imerudi mara ya tatu. Naomba tutafute jambo lingine, ao uniandikie karatasi niende hospitali.» Mwulize pia: «Umeona nini kinachoonyesha ni malaria? Inaweza kuwa nini kingine? Nisipopona, nirudi siku gani?» Mganga mzuri atajibu. Akikasirika, kama nilivyokasirika mimi, ngoja hasira ishuke, kisha omba karatasi tena. Hasira yake haitakuua, ugonjwa unaweza.

Njoo na fishi yako. Fishi zinatumiwa kufunga karanga, ninaziona sokoni! Fishi ni kumbukumbu yako. Mganga wa pili asiyeona kilichofanywa na wa kwanza ataanza pale pale, atakupa vidonge vilevile, na utasema «madokta wote ni sawa». Kama fishi imepotea, andika juu ya kipande cha karatasi: homa ilianza mwezi gani, ilirudi lini, ulimeza nini. Kama hujui kuandika, mtoto wa shule ataandika. Njoo na mtu mmoja wa nyumbani. Na sema bila kuulizwa: unafanya kazi wapi, unaoga wapi, umetoka safari gani.

Macho mengine maana yake ni uchunguzi mwingine. Ukienda pahali pengine wakachoma kidole kilekile kwa kipimo kilekile, hujapata kitu kipya. Sema waziwazi: «Naomba munipapase shingo. Naomba munipime malale.»

Karatasi ya kutumwa hospitali si zawadi na si adhabu. Ni sehemu ya mpango wenyewe, na mpango huu una mizizi hapa kwetu. Katika miaka ya 1970 na 1980, waganga wa nchi yetu pamoja na wale wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, walijaribu Kasongo namna mpya ya kupanga matibabu: vituo vidogo vya afya karibu na watu, hospitali moja nyuma yao, na karatasi inayotembea katikati, kwenda na kurudi. Kituo kinajua watu wake, kikishindwa, kinatuma, hospitali ikimaliza, inajibu. Kazi ile ya Kasongo ilisomwa mbali sana, na leo Kongo nzima imegawanywa katika zoni za afya zaidi ya 500 kwa mfano wa namna hiyo. Basi mtu wa Kasongo ao wa Kabambare anayeogopa kuomba karatasi, anaogopa kitu kilichojaribiwa kwa babu yake.

Najua yale mnayosema nyumbani. Njia ni mbaya, pikipiki ni ghali, siku nyingine njia haina salama, na mshahara haungoji. Ni kweli. Kwa sababu hiyo ulizeni kwanza siku ekipi ya kutembea itakapopita karibu, na msikimbie mkiwaona. Tena jueni hili: kupimwa malale na dawa ya malale ni bure. Mtu akikudai franka kwa vidonge vya malale, njoo uniambie, ama umwambie dokta mkubwa wa zoni.

HABARI YA WACHAWI NA SINDANO ZA SOKO

Mtu akibadilika tabia, familia nyingi zinafikiri uchawi, ao zinampeleka kwenye chumba cha maombi, ao zinamfunga kamba. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Ombeni. Lakini kabla ya kumtafuta aliyemroga, papaseni shingo yake, kisha mleteni. Maombi na kipimo vinaweza kwenda njia moja, siku moja.

Sindano za soko ni jambo lingine. Hapo sina upole. Mtu anayekuchoma sindano bila kukuuliza hata jina, hakupi maoni ya pili. Anashusha homa kwa siku 2 na kuficha alama ambazo mganga angeziona.

WAKIKUTA MALALE

Msiogope kama zamani. Zamani mgonjwa aliyefika hatua ya ubongo alichomwa melarsoprol, dawa yenye sumu ya arseniki, iliyounguza mshipa, na kwa kila wagonjwa 100 iliwaua kama 5. Wazee wakiwaambia ya kwamba dawa ya malale inaua, hawadanganyi. Wanasema habari za dawa ile. Toka mwaka 2009 ilikuja dawa mbili pamoja: moja ya mshipani, mara mbili kwa siku kwa siku 7, na vidonge vya siku 10. Na toka mwisho wa mwaka 2018 Kongo imekubali vidonge vinavyoitwa fexinidazole: siku 10, mara moja kwa siku, baada ya kula kabisa, mbele ya macho ya mwuguzi. Vinaweza kuleta kutapika na kichwa kuuma. Asiyekula vizuri, dawa haimfanyii kazi, mama, pika!

Habari ya maji ya mgongo inawatisha wengi, na wengine wanatoroka usiku kwa sababu yake. Ni sindano kati ya mifupa ya mgongo, chini, pahali haiwezi kugusa uti wenyewe. Inauma, kisha inakwisha. Leo wengine hawahitaji hata kufanyiwa, lakini mwenye alama za ubongo anaihitaji, maana ndiyo inayoonyesha dawa gani inamfaa.

Na wakikuta si malale? Vizuri sana. Umepoteza safari, umepata usingizi. Mara nyingi mganga wa pili atasema sawasawa na wa kwanza. Hapo ukubali, umeze dawa, usitafute wa tano na wa sita mpaka mmoja akuambie unachotaka kusikia.

KIFUA CHA MCHIMBAJI

Neno fupi juu ya kifua, ingawa nitakiandikia ukurasa wake siku nyingine. Mchimbaji akikohoa zaidi ya wiki 2, «ni vumbi tu» ni ndugu wa «ni malaria tu». Vumbi la mawe magumu linaumiza mapafu kweli, na mapafu yaliyoumizwa na vumbi yanapata kifua kikuu upesi kuliko mengine. Makohozi yakitazamwa mara moja na kuonekana safi, hayo si mwisho, maana darubini inaweza kukosa. Ukiendelea kukonda, kutoka jasho usiku ao kutema damu, omba wapime tena kwa namna nyingine, na omba picha ya kifua.

Tena kuna mambo ambayo hayangoji macho ya pili wala ya kwanza: mtoto mwenye degedege ao asiyeweza kunyonya, mama mwenye mimba anayetoka damu, mtu aliyepigwa kichwa na kuanza kusinzia. Hao wanakwenda hospitali saa ileile, fishi itafuata.

Mchimbaji wangu alirudi kambini baada ya majuma machache, mwembamba, lakini anacheka. Mkono umeacha kutetemeka. Bibi yake alinisalimia kwa heshima, hakunikumbusha kitu, na hilo ndilo lililoniuma. Sasa ninapapasa shingo ya kila mwenye homa, hata wale wanaocheka na kusema ninawatekenya.

Waliotibiwa malale wanarudi kupimwa mpaka miezi 24 ipite, hata kama wanajisikia wazima. Mwenye karatasi ya kurudi Kasongo aniletee kabla ya siku ya mshahara, niandike tarehe katika daftari, nimwombee ruhusa kwa kapita wake mapema.